Wifi Yangu Jesang na Alhamisi Zake

Siku ya kwanza tuliyomwona Jesang kwenye televisheni, alikuwa mbele ya wanawake wote, na mume wangu alikuwa ameita majirani.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Nilichemsha birika mbili kubwa za chai na bado hazikutosha. Watu walikaa hata kwenye mikono ya makochi, jambo ambalo kwa kawaida silikubali nyumbani kwangu. Jesang, dada mdogo wa mume wangu Toroitich, alikuwa anakimbia marathoni katika mji mmoja wa Ulaya. Kilomita ya kumi alikuwa mbele. Ya ishirini alikuwa mbele. Mzee mmoja jirani alianza kupanga ng'ombe gani achinjwe. Walipofika kilomita ya thelathini, Jesang akatazama saa yake, akapanda ukingo wa barabara, akashika kiuno, na kamera ikamwacha pale kama mtu aliyeshuka kwenye basi.

"Ameshikwa na tumbo," alisema mtu.

"Tumbo gani? Amechoka huyo."

Toroitich alisimama kueleza. Alisema hiyo ndiyo kazi yake. Ameajiriwa kuwavuta wenzake kwa mwendo waliokubaliana, akifika pale, anatoka. Wanariadha humwita mtu kama huyo sungura.

"Yaani anawashinda halafu anawaachia?" yule mzee akauliza.

"Ndiyo."

"Makusudi?"

"Makusudi, mzee."

Mzee alikunywa chai yake yote kabla ya kusema tena. "Toroitich, mimi nimekusikia, lakini sijaelewa."

Nami sikuelewa. Nilikuwa mwalimu mwenye diploma, nimefundisha hadithi za sungura kwa watoto wa darasa la tatu miaka mingi, na katika hadithi zote hizo, ukiondoa ile ya kobe, sungura ndiye anayewahi kufika. Huyu wetu alifanya kazi ya kutofika kwa miaka tisa. Alirudi nyumbani Iten na masanduku ya viatu na mafua ya nchi za baridi. Kabati la sebuleni lina vikombe sita vya Toroitich, aliyeruka viunzi na maji akiwa amevaa jezi ya taifa. Cha Jesang hakuna hata kimoja. Watu waliponiuliza, nilisema wifi yangu alikuwa mwanariadha wa kimataifa. Nikaishia hapo.

Goti lilipomkatalia, kaka yake alimpa nyumba ya chini, ndani ya ua wetu. Toroitich alifariki mwaka uliofuata. Sasa ni miaka sita. Tulibaki wanawake watatu: mimi, Jesang, na kitinda mimba wangu Jerono. Nikaona wazi kwamba jina la nyumba hii, aliloliacha safi marehemu, sasa liko mikononi mwangu.

Watu walianza kumjia Jesang mmoja mmoja. Hakuwatafuta. Alikuja askari wa Tambach, akaja mwalimu wa kemia, akaja mama wa watoto watatu kutoka Kapsowar anayeitwa Monicah Jebichii. Kila mmoja Jesang alimnunulia daftari la shule, lile la kurasa arobaini na nane, akaandika jina juu, na ndani akamwandikia ya kwake peke yake. Mimi nimefundisha darasa la watoto arobaini na tano, na nikisema fungueni ukurasa wa kumi na mbili, wote wanafungua wa kumi na mbili. Siku moja alisahau madaftari mawili kwenye benchi, nami nikasoma. La mwalimu wa kemia lilisema: *Jumanne, mlima wa Kessup mara kumi.* La askari lilisema: *Jumanne, lala. Ukikosa usingizi, lala macho wazi.*

Nilimuuliza. "Jesang, hawa si wanakwenda mashindano yale yale?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sasa mbona mmoja anapanda mlima na mwingine analala?"

"Kwa sababu askari anapenda sana mlima."

"Kama anaupenda si ndiyo apewe?"

Alinitazama kwa huruma, kama mimi ninavyomtazama mtoto aliyejumlisha vizuri hesabu ya kutoa. "Kunywa chai, Mwalimu," alisema.

Hivyo ndivyo alivyo. Nikija kumwuliza jambo naondoka na mawili. Aliwahi kuniambia kwamba kule mbele, kwa miaka tisa, hakuwa na uso wa mtu wa kutazama. Alikuwa na nyayo na pumzi za watu nyuma yake tu. Kwa nyayo alijua nani atashinda na nani atakaa chini kilomita mbili zijazo. Nilimwuliza anajuaje. Akasema, "Wanajitangaza wenyewe."

Basi ikafika zamu ya Jerono.

Mtoto wangu ana miaka ishirini na mitatu, na miguu ni ya baba yake, hilo hakuna anayebisha. Mwezi wa Novemba Eldoret kulikuwa na nusu marathoni, na wanawake wawili wa kwanza wangepewa tiketi ya kwenda kukimbia Ureno. Wawili tu. Jerono hakuzungumza jambo lingine mwaka mzima. Shangazi yake alimfungulia daftari mwezi wa tano, na mambo yalikwenda vizuri mpaka wiki sita kabla ya mashindano, Jesang alipomwandikia asikimbie Alhamisi.

Asiyekaa kwetu anaweza kudhani Alhamisi ni siku kama siku nyingine. Saa tatu asubuhi, pale kinu cha unga, wanakusanyika wakimbiaji mia mbili na zaidi. Yator, kijana mrefu mwenye sauti ya mhubiri, anatangaza: dakika moja kali, dakika moja pole, mara ishirini na tano. Anapiga makofi na barabara yote ya udongo mwekundu inaondoka. Mwenye jina anakuwepo, na anayetafuta jina anakuwepo. Asiyekuwepo, kuna sababu, na kama hukuisema wewe, utasemewa.

Afadhali Jerono angekaa nyumbani. Hapana. Jesang alimkalisha kwenye tuta kando ya barabara, pale pale kinuni, amejifunika sweta, na yeye ameketi ubavuni mwake. Kazi ilikuwa kukaa. Kundi linapita, Jesang anamwuliza, "Nani ataachwa?" Jerono anasema fulani. Kundi linazunguka na kurudi, wanaona kama amepatia. Hilo liliitwa mazoezi.

"Jerono!" Yator alimpigia kelele akipita. "Mbona umekaa kama kuku anayeatamia?"

Watu wakacheka. Alhamisi ya pili wakacheka kidogo. Alhamisi ya tatu hawakucheka kabisa, na hapo ndipo ubaya ulipoanza. Nilikwenda dukani kununua chumvi, na Mama Kandie mwenye duka akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, hongera."

"Ya nini?"

"Ah, usinifiche na mimi ni kama dada yako. Watoto ni baraka. Tutakuita nyanya lini?"

Nilisahau chumvi. Nilirudi nyumbani nikamwita Jerono chumbani nikamwuliza waziwazi. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama! Na nani? Na daftari?" Lakini kicheko si jibu, na mimi ni mama. Nilimtazama tumbo, nikamtazama uso, na sikujua niamini nini. Kanisani, akina mama wa chama changu walianza kunisalimu kwa upole wa kupita kiasi, na mama mchungaji akaniombea bila kuniambia ananiombea nini. Miaka thelathini na minane nimevaa jina la Toroitich na hakuna aliyewahi kuliwekea alama ya kuuliza.

Nilimwendea Jesang.

"Mrudishe Alhamisi moja tu. Moja. Watu wamwone."

"Hapana, Mwalimu."

"Unajua wanasema nini?"

"Najua. Wanasema ana mimba, wengine wanasema ana malaria. Wa Kaptarakwa wanasema amerogwa."

"Na unakaa tu?"

"Jerono akiona mgongo wa mtu, anaukimbilia. Hata mgongo wa mwendesha baiskeli. Nataka aone migongo mia mbili na akae."

"Ili iweje?"

"Ili siku akiuona wa kweli awe na kitu cha kuukimbilia nacho."

Nimeyageuza maneno hayo mara nyingi tangu siku ile. Wakati mwingine yanaonekana yana maana kubwa. Wakati mwingine ni maneno tu.

Siku kumi na moja kabla ya mashindano, Jesang alikwenda Kapsabet kwa mazishi ya rafiki yake. Aliondoka Jumatano. Alhamisi asubuhi nilimpelekea Jerono uji, nikamwekea na viatu vyake karibu na kikombe.

"Leo utakwenda kinuni," nilisema.

"Shangazi amekataa."

"Shangazi yako hakukuzaa."

"Mama, nimebakiza siku kumi."

"Na mimi nimebakiza nini? Nikienda dukani nainamisha kichwa. Baba yako yuko pale juu ya kilima, amelala na jina lake. Saa moja tu, Jerono. Uwaonyeshe, urudi, ulale wiki nzima kama anavyotaka."

Alisukuma kikombe cha uji kando. Kisha akavaa viatu.

Nilikwenda pia. Nilivaa koti langu la kanisani na kusimama karibu na kinu nikiwa na mwavuli, ingawa hakukuwa na mvua. Sitasema uongo: nilifurahi. Mtoto alikimbia kama ndama aliyekatiwa kamba. Kufikia dakika ya ishirini hakuwa tena na wanawake, alikuwa katikati ya wanaume, na mara ya mwisho aliwapita wanaume kumi na mmoja mbele ya macho yangu. Niliwahesabu. Mama Kandie alitoka dukani na unga mikononi.

"Sasa Mwalimu," Yator aliniambia akihema, "huyu mjukuu wako amezaliwa kilomita ya ngapi?"

Kinu kizima kilicheka, nami nikacheka nao, na nilirudi nyumbani kichwa juu.

Jesang alirudi Ijumaa. Kabla hajafika langoni alikuwa ameshaambiwa na watu wanane. Nilikuwa barazani nachambua maharagwe. Alisimama uani na daftari la Jerono mkononi.

"Nani alikutuma?" alimwuliza Jerono, aliyekuwa kando yangu.

Jerono hakunitazama. "Nilitaka mwenyewe," alisema, sauti ndogo.

Nilipaswa kusimama pale pale. Maneno yalikuwa mafupi: nilimtuma mimi. Niliendelea kutoa vijiwe kwenye maharagwe, na nilipomaliza nilianza upya.

"Sawa," Jesang alisema. "Basi Eldoret kimbia ulivyojifundisha."

Jesang alikwenda Eldoret hata hivyo, na mimi nilikwenda, tukasimama upande mmoja wa barabara, hatua tano kati yetu, karibu na utepe, pale wakimbiaji walipopita kila mzunguko. Jerono alianza kufukuza kilomita ya tatu. Aliuona mgongo wa mwanamke wa Nandi, akaufuata, akaupita, akauona mwingine, akaupita. Mpaka kilomita ya kumi na nane alikuwa peke yake mbele, na mimi nilikuwa nimeshafika Ureno. Kisha mabega yake yakapanda, mikono ikaanza kukata hewa kama mtu anayefukuza nyuki. Yule wa Nandi akampita. Halafu, mita mia moja kabla ya utepe, mwanamke mfupi wa jezi ya kijani akampita pia, bila haraka, kama anayepita mlango wake mwenyewe.

Jerono alikuwa wa tatu. Tofauti ilikuwa urefu wa sebule yangu.

Mwanamke wa jezi ya kijani alikuwa Monicah Jebichii wa Kapsowar. Nilimtambua pale Jesang alipomfunika leso. Alikuwa na leso ya pili, akamfunika Jerono, akawamiminia wote wawili chai kutoka chupa moja. Mimi nilisimama na wazo ambalo sikutaka kulikaribisha, likaingia lenyewe na kukaa.

Kesho yake nilikwenda nyumba ya chini.

"Yule wa Kapsowar ulimwandikia nini Alhamisi?"

"Akimbie. Asikose hata moja."

"Na mwanangu ukamkalisha kwenye tuta."

"Ndiyo."

"Halafu wakimbiaji wako wawili wanagombea tiketi moja, mtu wa nje anapata, mtoto wa kaka yako anakosa. Nieleze, Jesang. Nieleze polepole, mimi ni mzee."

Hakukasirika. Hilo lilinichanganya zaidi. "Monicah anaogopa watu," alisema. "Akiwa peke yake ni mwepesi, akisikia viwiko anarudi nyuma, anaomba radhi. Nilitaka azoee viwiko. Jerono haogopi mtu yeyote. Huo ndio ugonjwa wake. Ningewapa dawa moja, mmoja angekufa."

"Na ile Alhamisi moja ndiyo iliyomnyima?"

"Sijui."

"Unajua."

"Mwalimu, sijui. Labda miguu ilikuwa bado imechoka. Labda kichwa kilionja kuwapita wanaume kikataka tena. Labda Monicah alikuwa bora tu siku hiyo. Ukinipa Biblia nitaapa kwamba sijui." Kisha akachukua daftari la Jerono juu ya meza na kuniwekea mkononi. "Lakini mpelekee hili. Siwezi kumwongoza mtu mwenye makocha wawili."

Kulikuwa na mashindano mengine mwezi wa tatu, yenye tiketi nyingine. Kocha mwingine tungempata, Iten haina upungufu wa makocha. Ukirusha jiwe linamwangukia mmoja. Lakini Jerono hakutaka mwingine. Alianza kukimbia kila siku na kila kundi lililopita langoni, asubuhi na jioni, akirudi na macho mekundu, na chakula akakigusa tu. Sikumsikia akilaumu. Laiti angenilaumu. Alikuwa amenibebea kosa langu na hakusema lini atalitua.

Mara mbili nilishuka hadi nyumba ya chini. Mara ya kwanza niliomba ungo. Mara ya pili nilisema ng'ombe amepungua maziwa. Jesang alinipa ungo, na kuhusu ng'ombe akasema atamwangalia. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, nimesimamia mitihani ya taifa, na sikuweza kutamka sentensi yenye maneno mawili ndani ya ua wangu mwenyewe.

Wiki ya tatu nikaona kwamba nyumbani sitaweza. Alhamisi nilivaa koti la kanisani nikaenda kinuni. Wakimbiaji walikuwa wananyoosha misuli, Mama Kandie alikuwa mlangoni pa duka, Yator alikuwa anatafuta pumzi ya kutangazia. Jesang alikuwa peke yake kwenye tuta.

"Jesang," nilisema, na nilikuwa nimekusudia kusema taratibu, lakini sauti ya darasani ikanitoka. "Nilimtuma mimi."

Watu wakageuka. Hata Yator.

"Ile Alhamisi. Mtoto alikataa. Nilimwekea viatu mbele ya uji. Nilitaka watu waone hana kitu tumboni."

Jesang aliendelea kutazama barabara. "Najua, Mwalimu."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Jerono akitaka kitu mwenyewe anakisema kwa kelele."

"Ulijua, na ukanirudishia daftari?"

"Ulikuwa hujasema."

Sikuelewa hapo, na sielewi vizuri hata leo, kama lilikuwa tendo la mtu mwenye hekima au mtu mgumu tu wa ukoo ule. Toroitich naye alikuwa na ugumu huo. Nilitaka kumkasirikia, lakini nilikuwa nimeshika daftari mkononi na nilikuwa nimelileta ili nimrudishie. Nikampa. Alitoa kalamu nyuma ya sikio, akaandika akiwa amelilaza gotini, akanipa nisome.

*Alhamisi sita. Jerono: kaa kwenye tuta. Mwalimu: kaa naye.*

"Mimi nikae hapa?"

"Sita."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Hao ndio mazoezi yenyewe."

Alhamisi iliyofuata tulikaa, mimi nimetandika leso ili koti lisiguse udongo, Jerono amejifunika sweta na kuniegemea bega kidogo tu, kwa mara ya kwanza tangu Eldoret. Mwezi wa tatu ulikuwa bado mbali na hakuna aliyeniahidi lolote. Kundi liliondoka, likapita, vumbi likatuketia. Liliporudi, Yator alituona wawili tumejipanga, akafungua kinywa chote.

"Heee! Mwalimu! Na wewe pia una mimba?"

Mia mbili walicheka. Mama Kandie alicheka mpaka akashika nguzo ya duka. Sikujua niweke wapi uso wangu. Nilihisi Jerono anatikisika na sikujua kama analia au anacheka, na magoti yangu yalikuwa yameshaanza kusimama yenyewe. Nikatazama daftari. Halikusema chochote kuhusu kujibu.

Nikakaa mpaka wa mwisho wao akapita.